TV Zimekua Kubwa, Mchezaji wa Pili Kakosa Nafasi

Gemu ya GoldenEye 007 ilipotoka mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, sehemu iliyoipa umaarufu haikuwa hata kwenye mpango wa awali. Kampuni ya Rare ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza gemu ya mtu mmoja: jasusi James Bond akipambana na maadui wanaoendeshwa na mashine. Ikiwa imebaki miezi kama sita tu, mwandishi wa programu Steve Ellis alianza kuunda, bila wakubwa kujua, njia ya watu wanne kuwindana kwenye televisheni moja. Nintendo 64 ilikuwa na matundu manne ya kuchomekea pedi, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kukusanya pedi na watu. Gemu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 8.

Televisheni zenyewe zilikuwa za chogo. Chukua ya inchi 21, igawe mara nne, kila mchezaji anabaki na kijidirisha cha inchi kumi na nusu. Ndani ya kijidirisha hicho amtafute adui, ahesabu risasi, na ajue kama bado yu hai. Vidirisha vya wenzake pia viko pale pale mbele ya macho yake. Kuchungulia kwa jirani kulikatazwa na wote na kufanywa na wote. Nyumba nyingi zilipiga marufuku pia kumchagua Oddjob, mhusika mfupi ambaye risasi zilimpita juu ya kichwa. Mwaka 2014 studio ya Samurai Punk ya Australia iliigeuza dhambi ya kuchungulia kuwa gemu kamili, Screencheat: wachezaji wote hawaonekani, na njia pekee ya kumpata mwenzako ni kukodolea macho sehemu yake ya skrini na kubahatisha yuko wapi kwa rangi za kuta zinazomzunguka.

Leo televisheni ya inchi 55 si ajabu sebuleni. Robo yake ni kubwa kuliko ile ya chogo nzima. Hata hivyo ni sasa, nafasi ilipopatikana, ndipo gemu nyingi kubwa zimeacha kugawanya skrini.

Sababu ya kwanza iko ndani ya mashine. Picha ya gemu huchorwa upya mara 30 au 60 kila sekunde. Ikiwa ni mara 60, mashine ina milisekunde 16 na ushei kumaliza kazi yote ya picha moja. Watu hudhani kwamba kwa kuwa kila mchezaji anapewa nusu ya skrini, kazi inabaki ile ile. Eneo la kupaka rangi kweli haliongezeki. Lakini kabla rangi haijapakwa, lazima ipangwe nini kinaonekana kutoka pale aliposimama mchezaji: kuta zipi, vivuli vipi, maadui wangapi. Wachezaji wawili wanasimama sehemu mbili, na mpango huo unafanywa mara mbili ndani ya milisekunde zile zile.

Zamani hilo liliwezekana kwa sababu uwanja ulikuwa mdogo, vyumba vichache na korido, vyote vikiwa tayari kwenye memori. Gemu za siku hizi zina nchi nzima za milima na miji, ambazo mashine huzivuta kutoka kwenye diski kadiri mchezaji anavyosogea. Mmoja akienda kaskazini na mwenzake kusini, mashine inabeba nchi mbili.

Hakuna gemu iliyopitia jambo hili kwa uchungu kama Halo. Ile ya kwanza, iliyotoka pamoja na Xbox mwaka 2001, iliruhusu watu wawili kucheza hadithi bega kwa bega na wanne kupambana, na ukiunganisha Xbox nne kwa nyaya wanatimia 16. Kwa vijana wengi wa Marekani, kubeba televisheni na mashine kwenda kwa rafiki siku ya Jumamosi ndiyo ilikuwa Halo yenyewe. Halafu mwaka 2015 ikaja Halo 5, na skrini ya kugawana haikuwemo kabisa. Watengenezaji wake, 343 Industries, walitaka picha 60 kwa sekunde badala ya 30 za zamani, na kitu kimoja kilipaswa kutolewa kafara. Aliyetolewa ni mtu wa pili kwenye kochi.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2017 mkuu wa studio, Bonnie Ross, alikiri hadharani kuwa uamuzi huo uliwaumiza, akaahidi kwamba Halo za kufyatuliana risasi zitakazofuata hazitaikosa tena. Halo Infinite ilipotoka Desemba 2021, watu wanne waliweza kupambana kwenye skrini moja, lakini hadithi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Ya wawili kwenye skrini moja ingekuja baadaye. Septemba 2022 studio ikatangaza kuwa haitakuja. Kilichowachoma mashabiki zaidi ni kwamba baadhi yao waligundua hila ya kuifungua kwenye gemu hiyo hiyo, ikacheza.

Lakini lawama zote haziwezi kutupiwa prosesa. Gran Turismo 7 ya PlayStation inagawanya skrini, na kwenye PS5 hadi watu wanne wanashindana mbio. Mshindani wake, Forza Motorsport ya mwaka 2023, ambayo ni ya magari vilevile na ya mashine ya kizazi kile kile, iliitupa. Huo ni uchaguzi wa mahali pa kupeleka nguvu, na wengi wameamua kuzipeleka kwenye mng'aro wa picha.

Na hela, bila shaka. Marafiki wanne kwenye skrini moja wamenunua nakala moja. Wakicheza kwa intaneti kila mmoja ananunua yake, kwenye mashine yake, na tangu PS4 ilipotoka mwaka 2013 gemu nyingi za kulipia kwenye PlayStation zinadai pia ada ya uanachama ili ucheze na wenzako mtandaoni. Kugawana kochi hakujawahi kuwa na ada.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kushangaa msiba huu ni wa nani, maana kwenye vibanda vya gemu watu bado wanabanana kwenye benchi, pedi mbili, TV moja, na anayefungwa anaachia pedi. Mpira wa miguu umenusurika kwa sababu haukuwahi kuhitaji mgawanyo: kamera moja inautazama uwanja mzima, na timu zote mbili zimo humo humo. Kinachokufa ni gemu ambazo kila mtu anahitaji macho yake.

Wapo waliokataa. Josef Fares, aliyekuwa mwongozaji wa filamu Sweden kabla ya kuanzisha studio ya Hazelight, hatengenezi gemu za mtu mmoja. Katika It Takes Two ya mwaka 2021, mume anarusha misumari ukutani na mke anaitumia kama vishikizo vya kuning'inizia nyundo yake ili avuke. Hakuna anayeweza kusonga peke yake. Skrini inabaki imegawanywa hata wachezaji wakiwa miji tofauti, na nakala moja inatosha watu wawili. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka ya The Game Awards na imeuza zaidi ya nakala milioni 20.

Gemu ya Baldur's Gate 3 nayo ilichelewa kufika Xbox mwaka 2023 kwa sababu Series S, mashine ndogo na ya bei nafuu, ilishindwa kubeba skrini mbili, huku Microsoft ikitaka mashine zake zote zipate gemu ile ile. Mwishowe Microsoft ililegeza msimamo, gemu ikatoka Desemba bila mgawanyo kwenye Series S. Watengenezaji waliendelea kuchonga, na Aprili 2025 skrini mbili zikawashwa kwenye mashine ile ile iliyosemekana haiwezi.

Miezi sita baadaye ikatangazwa Halo ya kwanza iliyoundwa upya, Halo: Campaign Evolved. Safari hii hadithi itachezwa na wawili kwenye skrini moja, hata kwenye PlayStation 5. Mapambano ya watu wanne hayamo.