Kabla ya kupanda mlima, tulikague koti la mvua

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Shambani sina ugomvi nayo, kwani mwenye nia ya kulima hashindwi na mpini. Mlimani, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Huko, asiyechagua koti si mpandaji, na mwalimu anayewapakia wanafunzi kwenye basi bila ya kuyakagua makoti yao amewapeleka kubahatisha.

Nayasema haya kwa kuwa safari za milimani zimekuwa sehemu ya malezi ya vijana wetu. Ziko shule ambazo vyama vyake vya wapanda milima vina umri mkubwa kuliko walimu wanaoviongoza. Wapo pia vijana wanaokwenda Mlima Kenya, Nyandarua au Elgon kupitia mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa hapa nchini mwaka wa 1966. Mimi ni mwalimu, na nimeandamana na wanafunzi mlimani mara kadhaa. Ninaziunga mkono safari hizi kwa moyo wangu wote. Kijana aliyekiona kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, hurudi darasani akiwa na jambo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Tatizo langu ni ile karatasi tunayowapa wazazi, yenye orodha ya vitu vinavyohitajika. Katika lango moja la Mlima Kenya niliwahi kuwaona wanafunzi wa shule ambayo sitaitaja wakishuka kwenye basi. Mmoja alikuwa na bleza ya shule, mwingine koti la jinzi, wa tatu koti la ngozi bandia lililomeremeta. Orodha waliyopewa ilisema “sweta na koti”. Kila mmoja wao alikuwa ameitimiza orodha, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na kinga ya mvua.

Msomaji huenda akauliza, je, mvua ina nini cha kuogopwa? Si hata hapa Nairobi tunalowa na kukauka? Tufanye hesabu kidogo. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Kambi ya Mackinder, wanakolala wengi kabla ya kukabili kilele, iko mita 4,200. Kwa hivyo siku ambayo Nairobi ina nyuzi 20, kambini huenda pakawa na nyuzi 5, nayo mvua ikageuka kuwa mawe au theluji. Ongeza juu yake upepo usiozuiwa na mti wowote. Aidha, maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Mtu aliyelowa katika baridi ya namna hiyo ni kama chai iliyomiminwa kwenye sinia: haichukui muda kupoa.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya nyuzi 35, mwili huanza kushindwa na kazi zake, hali ambayo wataalamu huiita haipothemia. Si lazima pawe na barafu ili hali hiyo imfike mtu. Mvua, upepo na uchovu hutosha. Dalili zake kila mwalimu anapaswa kuzijua. Kwanza mtoto hutetemeka. Kisha vidole humkataa, hawezi kufunga zipu. Ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa, na mara nyingine huwa mkali au hujitenga na wenzake. Kutetemeka kukikoma ilhali hajapata joto, basi tusishangilie kwamba amezoea. Hapo ndipo hatari ilipokomaa. Mtoto kama huyo aondolewe penye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, afunikwe vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo yu macho na anaweza kumeza, kisha aletwe chini akisaidiwa. Asisuguliwe mikono na miguu, na asipewe pombe kwa dhana potofu kwamba inatia joto.

Walioishi milimani kabla yetu waliujua ukweli huu bila ya kipimajoto. Wawindaji wa Ogiek katika misitu ya Mau walijifunika kwa mashuka ya ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, na wapiganaji wa Mau Mau walioishi katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya 1950 walijishonea makoti ya ngozi za wanyama nguo zao zilipochakaa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, nami siombi urejeshwe. Lakini mwindaji ana funzo kwetu: yeye huchagua vazi kulingana na kazi iliyo mbele yake. Anayevizia huketi kimya kwa saa nyingi, hivyo hutaka vazi zito lisilopenyeka, tena la rangi ya kufifia ili mnyama asimwone. Mwanafunzi anayepanda mlima hutembea huku akitokwa jasho, kisha husimama ghafla kupumzika, na anahitaji kuonekana na mwalimu wake hata ukungu unapotanda. Mahitaji ya watu hao wawili hayalingani, ingawa mvua inayowanyeshea ni ile ile.

Hapo ndipo linapoingia suala la jasho, ambalo wengi wetu hulisahau. Mwaka wa 1823, Charles Macintosh wa Uskoti alipewa hataza ya kitambaa kilichotiwa mpira, na tangu hapo dunia ikawa na koti lisilopenya maji. Koti la mpira au la plastiki nene huzuia mvua kweli kweli. Kasoro yake ni kwamba huzuia pia mvuke wa jasho usitoke. Mwanafunzi akipanda mteremko akiwa amelivaa, hulowa kutoka ndani kama alivyoogopa kulowa kutoka nje. Mwaka wa 1969, Robert Gore wa Marekani aligundua namna ya kuvuta plastiki fulani ikawa na vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita ilhali mvuke hupita. Makoti ya utando wa namna hiyo, na mengine yaliyoigwa baadaye, ndiyo yanayofaa zaidi kwa anayetembea. Hata hivyo, tusidanganyike. Hakuna koti linalotoa jasho lote la mtu anayepanda kwa bidii. Ndiyo maana viongozi wa mlima husisitiza mwendo wa pole pole, na zipu ifunguliwe kidogo kila inapowezekana.

Sasa tulichague koti lenyewe. Makoti mengi huandikwa namba ya milimita, nayo huonyesha kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. Koti la milimita 1,500 linaweza kustahimili manyunyu ya mjini. Mlimani, ambako mikanda ya shanta hugandamiza mabega siku nzima, ni heri kutafuta milimita 10,000 au zaidi. Kisha tutazame mishono, kwa sababu sindano hutoboa hata kitambaa bora. Mishono yote iwe imefunikwa kwa utepe upande wa ndani. Kofia ya koti iwe na kamba ya kukaza, na igeuke pamoja na kichwa. Koti lifike chini ya kiuno, mikono ifunike vifundo vya mikono, na lenyewe liwe pana kiasi cha kuvalia sweta ndani. Rangi iwe nyekundu, ya manjano au ya machungwa. Mwavuli tuuache kwenye basi. Poncho, yaani kile kipande cha nailoni chenye tundu la kichwa, huenda ikafaa msituni kwa kuwa hufunika na shanta, lakini juu ya msitu upepo huipeperusha kama tanga.

Suruali ya mvua nayo isisahauliwe. Katika njia ya Naro Moru, juu ya kituo cha Met kilicho mita 3,050, pana sehemu ambayo wapandaji wameibandika jina la kinamasi cha wima. Huko mtu hupanda huku akizama topeni, na nyasi zenyewe humlowesha hata kama mawingu yametulia. Anayevaa jinzi hapo hubeba maji miguuni hadi kambini. Vile vile, nguo za ndani zisiwe za pamba. Pamba ni rafiki yetu katika joto la Mombasa. Mlimani hufyonza maji na kuyang’ang’ania. Sufu hubakiza joto kiasi hata ikilowa, nayo poliesta hukauka haraka.

Najua mzazi anayesoma haya ameshaanza kuhesabu fedha. Koti jipya la aina niliyoieleza ni ghali, na karo yenyewe hulipwa kwa taabu. Lakini Gikomba na masoko mengine ya mitumba hayakosi makoti mazuri, mradi mnunuzi awe na macho. Ligeuze koti ndani nje. Ukiona utando unabanduka kama gamba la nyoka, au utepe wa mishono umeachana na kitambaa, lirudishe. Weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo na mvua vitapita pia. Nyunyiza maji: yakibingirika, vyema. Yakienea juu bila ya kupenya, usilikatae upesi, maana huenda koti linahitaji tu kufuliwa vizuri na kutiwa dawa ya kuzuia maji. Rahisi huvunja upishi, lakini si kila kilicho rahisi ni kibovu.

Lipo jambo jingine ambalo orodha za zamani hazikulijua. Tulizoea kuwaambia wanafunzi wafunge nguo kavu katika mifuko ya plastiki ndani ya shanta. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa, Mlima Kenya ikiwemo. Shule zinunue mifuko ya nailoni isiyopenya maji, ile inayokunjwa mdomo na kufungwa, ambayo hudumu kwa miaka. Nguo kavu za kulalia zisiguswe hadi kambini.

Walimu wa sayansi wanaweza kuyafundisha haya kabla ya safari. Chukueni mikebe mitatu iliyo sawa, mtie maji moto kwa kipimo kimoja. Mmoja uvikwe kitambaa kikavu cha pamba, wa pili kitambaa kile kile kikiwa kimelowa, na wa tatu kitambaa kilicholowa kisha kifunikwe kwa kipande cha koti la mvua. Iwekeni penye upepo, msome vipimajoto kila baada ya dakika tano. Mkebe wa pili utapoa upesi kuliko yote. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatahitaji kuhimizwa kubeba koti.

Nirudi kwenye hoja yangu kuu. Kalenda yetu ya shule hutupa likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili ni kitovu cha masika, nayo Novemba ni wakati wa vuli. Yaani safari zetu nyingi zimepangiwa mvua hata kabla ya basi kukodishwa. Inapowezekana, tungoje Agosti. Isipowezekana, tusijifanye kwamba mvua imetushtukiza, kwani dalili ya mvua ni mawingu, na kalenda ni wingu tosha.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila shule yenye chama cha wapanda milima inunue makoti na suruali za mvua kama mali ya shule, kidogo kidogo kila mwaka, na iyatunze: yaanikwe kivulini baada ya safari, yasikunjwe yakiwa na unyevu, yahesabiwe kama vitabu. Shule hununua jezi za kandanda bila ya ubishi, na jezi haijawahi kuokoa maisha ya mtu. Tukiliacha jukumu hili kwa wazazi peke yao, mlima utakuwa wa watoto wa wenye nacho, au mbaya zaidi, mtoto wa maskini atapanda akiwa na bleza kwa kuona haya kusema hana koti. La pili, mwalimu ayakague makoti siku tatu kabla ya safari, shuleni, kwa maji na kwa mikono yake. Ukaguzi wa langoni umechelewa, maana hapo ni vigumu mno kumrudisha mtoto nyumbani huku wenzake wakiimba.

Nanyi wanafunzi, msione aibu kumwambia mwalimu kwamba koti lenu linavuja, au kwamba mwenzenu ameanza kujikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka. Kilele hakihami. Anayerudi chini leo akiwa mzima anaweza kukipanda mwakani, na pengine akaja kuwaongoza wengine.