Biashara ya Maji Tanga: Kipimo Kisicho na Mlipaji

Maji ya mto Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani, kusafishwa Mowe na kusukumwa hadi jijini Tanga, huuzwa tena na wenye maboza na vioski, au hulazwa katika matanki ya nyumba za wageni kama zile za Raskazone, na ni katika mkono huo wa pili ambapo suala la ubora hubaki bila mwenyewe.

Klorini inayoua vijidudu hukutana na mabaki ya majani yaliyooza, hasa masika yanapoutia mto tope, na kuzaa kemikali ziitwazo trihalomethani, ikiwemo klorofomu, ambazo huongezeka kadiri maji yanavyokaa. Mwongozo wa kimataifa unaweka kikomo cha klorofomu kuwa miligramu 0.3 kwa lita. Marekani hukubali miligramu 0.08 kwa jumla ya trihalomethani nne, na kwa kanuni za mwaka 2006 hata mfumo unaonunua maji yaliyokwisha kutibiwa hupimwa kwenye mabomba yake wenyewe.

Lalamiko la mwenye boza ni zito. Hununua maji yenye dawa, lakini yakilala kwenye tanki juani dawa hupungua, naye hulazimika kuongeza nyingine. Mteja huyakataa kwa harufu, mkaguzi naye huyakataa yasipokuwa nayo. Kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi ndani ya kichupa humwonyesha klorini tu, kwani trihalomethani huhitaji mashine ya maabara ambayo faida ya boza haiwezi kuinunua. Kwa hiyo hudaiwa dhamana ya bidhaa asiyoitengeneza.

Maofisa hujibu kwa tarakimu ileile: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Tarakimu hiyo hutuliza hofu ya kipindupindu, ambayo ndiyo hatari kubwa zaidi, lakini haisemi lolote kuhusu trihalomethani. Kushuka kwake huenda hata kukamaanisha kwamba klorini imekwisha kuliwa na mabaki ya majani.

Hatifungani ambayo mamlaka ya maji ya Tanga iliitoa mwaka 2024 ili kupanua mtandao wake, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, huenda ikapunguza utegemezi wa maboza, ingawa bomba refu nalo hulaza maji. Nafuu ya kweli ingeanzia kwenye kuondoa mabaki kwa shabu na machujio kabla ya klorini. Kwa wanunuzi wa jumla, hata hivyo, matumaini ni haba maadamu gharama ya kipimo haijaingizwa katika bei ya uniti.