Boosta ya redio ya gari ifungwe wapi? Jibu liko ufukweni Kibirizi

Anayepanda daladala kati ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, anaujua ule mluzi, hata kama hajawahi kuuliza unatoka wapi. Dereva akikanyaga mafuta, unapanda. Akiachia, unashuka. Wimbo unaendelea juu yake kana kwamba msanii alirekodi na mbu studio.

Safari yangu ya karibuni niliketi nyuma ya dereva, nikamuuliza mbona redio inalia hivyo.

"Tumeiwekea boosta, mzee. Ajabu ndiyo kwanza imezidi."

"Boosta yenyewe imefungwa wapi?"

"Kulekule nyuma, imekaa ubavuni mwa amplifaya."

Hapo ndipo penye kosa, na si la dereva huyu peke yake. Wengi hudhani boosta inakaa popote penye nafasi mradi waya zinafika. Ukweli ni kwamba kifaa kilekile, kikihamishwa mita nne tu, kinaweza kusafisha sauti au kuichafua zaidi.

Tuanze na waya. Nyuma ya redio ya gari kuna matundu madogo yanayochomekwa zile pini nyekundu na nyeupe ambazo mafundi huziita RCA. Humo hupita sauti ikiwa bado changa, katika umbo la umeme mdogo sana. Redio nyingi za kawaida hutoa kama volti 2, nyingine hata chini ya hapo. Zile za bei hutoa 4 au 5. Umeme huo mchanga husafiri chini ya zulia hadi kwenye amplifaya, ambayo ndiyo inayoupa nguvu ya kusukuma spika na sabufa. Boosta haisukumi spika. Kazi yake ni moja: kuipandisha ile sauti changa, volti 2 ziwe, tuseme, 8.

Sasa fikiria safari ya waya huo. Unapita karibu na waya mnene wa betri, swichi, mota ya vioo, na kila kinachovuta umeme ndani ya gari. Mkorofi kuliko wote ni altaneta. Altaneta huzalisha umeme unaokwenda na kurudi, kisha dayodi zilizomo ndani yake huunyoosha uende upande mmoja. Kuunyoosha huko hakukamiliki, hubaki vijiwimbi. Injini ikizunguka kasi, vijiwimbi huongeza kasi, na vikipenya kwenye njia ya sauti ndipo unaposikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Hauna uhusiano wowote na ubora wa spika. Nimeona watu wakinunua spika mpya kwa sababu ya mluzi, na spika mpya ikapiga mluzi uleule kwa uwazi zaidi.

Kuhusu mahali pa boosta, twende ufukweni Kibirizi, zinakoegeshwa boti za kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Boti imeshawasha injini, iko hatua kadhaa majini. Ndugu aliyebaki mchangani anataka kumwambia msafiri jambo la mwisho. Una kipaza sauti kimoja cha mkononi. Utampa nani? Ukimpa wa mchangani, sauti yake itaondoka ikiwa kubwa na kuishinda injini. Ukimpa msafiri akiweke sikioni, kitamkuzia sauti ya nduguye, na pamoja nayo injini, mawimbi, na watu wanaogombania nafasi. Atasikia kila kitu kikubwa zaidi na haelewi neno zaidi ya mwanzo.

Redio ndiyo ndugu wa mchangani. Amplifaya ndiyo msafiri. Zulia la gari, na vyote vinavyopita chini yake, ndiyo injini ya boti.

Hesabu yake ni fupi, na tarakimu ninazoweka ni za mfano tu. Redio inatoa volti 2, na njiani waya unaokota uchafu wa volti 0.02. Sauti ni mara 100 ya uchafu. Ukifunga boosta ya mara nne kule nyuma, sauti inakuwa 8, lakini uchafu umeshaingia, nao unakuwa 0.08. Bado ni mara 100. Umelipia kifaa kisichobadilisha kitu. Ukiifunga mbele, sauti inaondoka kwenye redio ikiwa 8, inaokota uchafu uleule wa 0.02, na inafika ikiwa mara 400. Kwa kipimo cha mafundi sauti, hiyo ni faida ya desibeli 12, na sikio linaisikia bila kuambiwa.

Kanuni hii si ya mafundi wa magari. Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, aliiandika kwa hesabu mwaka 1944 alipokuwa akichambua vipokezi vya redio. Katika mnyororo wa vikuzaji, alionyesha, kikuzaji cha kwanza ndicho kinachoamua usafi wa sauti yote. Kikikuza vya kutosha na kwa usafi, makosa ya vilivyo nyuma yake hupungua uzito.

Kwa hiyo boosta ikae nyuma ya dashibodi, karibu na redio kadiri inavyowezekana; waya wa kuiunganisha na redio ukiwa wa urefu wa shibiri moja au mbili, vizuri zaidi. Ethi yake, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, ipigwe mahali pamoja na ethi ya redio. Waya mrefu wa kwenda nyuma upite upande mmoja wa gari, na waya wa betri upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Zipo boosta zinazouzwa vipande viwili, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea. Hapo cha kutuma kinakaa mbele na cha kupokea nyuma, na tafadhali usivibadilishe.

Kisha jambo ambalo husahaulika karibu kila mara: baada ya kufunga boosta, rudi kwenye amplifaya ukapunguze kile kitufe cha gein. Faida yote imo humo. Sauti sasa inafika na nguvu zake, haina haja ya kuvutwa tena, na unaposhusha gein unaushusha na uchafu uliookotwa njiani. Ukiiacha palepale ilipokuwa, utapata kelele kubwa zaidi na spika zilizoungua. Soma pia amplifaya inaruhusu kupokea volti ngapi. Ikiwa mwisho wake ni 5 nawe unaipelekea 8, vilele vya mawimbi ya sauti vitakatwa, muziki utakuwa na mikwaruzo, na vispika vidogo vya sauti nyembamba ndivyo vitakavyotangulia kufa.

Na huenda huhitaji boosta kabisa. Redio inayotoa volti 4 au 5, yenye waya mzuri uliopitishwa vizuri, imeshajitosheleza. Boosta pia haitibu ethi mbovu. Redio ikipiga ethi sehemu moja na amplifaya sehemu nyingine yenye kutu au rangi, umeme hupata njia ya kuzunguka kupitia waya wa sauti wenyewe, na mluzi huzaliwa hapo.

Kipimo cha kutofautisha hakina gharama. Washa gari, weka muziki kimya kabisa, mtu akanyage mafuta taratibu. Mluzi ukisikika, zima mfumo, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha uwashe tena. Ukipotea, ulikuwa unaingia kupitia waya au redio. Ukibaki, tazama umeme na ethi ya amplifaya yenyewe. Kwangua bodi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, jaribu tena.

Wenye Coaster wawe na tahadhari moja: nyingi za dizeli hutumia umeme wa volti 24, wakati vifaa vingi vya muziki wa gari ni vya volti 12. Bila kipunguza umeme, boosta itaungua kabla hujaisikia.

Kuna na boosta ya pili, ile ya antena, ambayo watu huichanganya na hii. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yalikuja na redio za FM za megahezi 76 hadi 90, ilhali masafa yetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana hufungiwa kile kijidude cha kuhamisha masafa. Ukitaka kuongeza na boosta ya antena kwa ajili ya safari za Kasulu au Uvinza, kanuni ya Friis ni ileile: boosta kwanza, kwenye shina la antena, kijidude baadaye. Lakini mjini, karibu na minara, boosta hiyo inaweza kulemewa na kuzichanganya stesheni. Kama gari halitoki Kigoma mjini, pesa hiyo inunulie dagaa.

Sasa kwa nini makala ya mluzi iko kwenye ukurasa wa afya? Kwa sababu dereva yule, aliposhindwa kuuondoa, alifanya kile ambacho ningefanya hata mimi: aliongeza sauti mpaka usisikike. Injini inanguruma, barabara inavuma, mluzi unalia, na muziki lazima uwe juu ya vyote vitatu.

Ndani ya sikio, kwenye kiungo kilichojikunja kama konokono, kuna chembehai zenye vinyweleo, kama elfu 15 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa habari kwa ubongo. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, dakika 20 tu. Desibeli haziongezeki kama shilingi: kila 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, na muda unapungua karibu kwa kiasi hichohicho. Abiria wa kutoka Mwanga anashuka Ujiji, anakwenda zake. Dereva na konda wanarudi na gari, wanakwenda tena, tangu alfajiri hadi usiku, na nina wasiwasi zaidi nao kuliko sisi tunaonung'unika viti vya nyuma.

Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, lakini hakuna mkaguzi atakayepanda kila daladala na kipimo. Konda anaweza kujipima mwenyewe: ikiwa lazima upaze sauti ndiyo mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako akusikie, sauti imezidi. Na ukilala usiku masikio bado yanalia "ngiii" ilhali gari limezimwa, usiuite uchovu. Mlio huo ukiendelea zaidi ya siku moja au mbili, au ukianza kuwaomba abiria warudie jina la kituo, nenda ukapimwe masikio, na siku hiyohiyo mwambie fundi aihamishie boosta mbele.