Mchezo wa Dakika Kumi na Kiarabu cha Nyumbani

Katika nyumba zetu za Pwani leo, lugha ya Kiarabu huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni chuo, ambako mtoto huanza na alifu na bee hata akafika kwenye juzuu. Wa pili ni safari ya kazi, kwani ni mitaa michache isiyokuwa na binti au mama aliyekwenda Saudia, Qatar au Oman kutafuta riziki. Wa tatu ni mpya, nao ni simu ya mkononi, yenye michezo mifupi ya kufundisha maneno na sarufi, ambayo watoto wameijua kabla ya wazazi wao.

Kina mama wamekuwa wakituuliza: je, michezo hii yafundisha kweli, au ni njia nyingine tu ya kupoteza wakati na bando? Jawabu letu ni kwamba yafundisha, lakini yafundisha nusu. Nusu iliyobaki ni juu ya nyumba na chuo kuikamilisha, na asiyeijua mipaka hiyo aweza kudhani amejua lugha ilhali amejua mchezo.

Namna mchezo ufanyavyo kazi

Michezo hii hufanana, hata majina yake yakitofautiana. Kioo cha simu huonyesha picha ya nyumba, na chini yake maneno manne. Mchezaji huchagua lililo sawa. Kisha husikilizishwa neno akaulizwa ni lipi alilolisikia. Baadaye hupewa maneno yaliyovurugwa ayapange mpaka yawe sentensi. Akipatia hupata alama. Akikosea hurudishiwa swali lile lile baada ya muda. Somo moja halizidi dakika chache.

Programu ijulikanayo zaidi miongoni mwake ni Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012 na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na mwenzake Severin Hacker, mzaliwa wa Uswisi, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani. Mwaka 2017 ilianza kuwafundisha wasemao Kiingereza lugha yetu ya Kiswahili, na mwaka 2019 ikaongeza Kiarabu. Alama yake ni bundi wa kijani. Wazee wetu hawakumpenda ndege huyo juu ya paa la nyumba, lakini dini imetufundisha tusiamini nuksi ya ndege, basi na tumtazame kwa kazi yake.

Nguvu ya michezo hii imo katika kurudia. Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hudumisha zaidi kuliko kurundika kila kitu kwa siku moja. Kwa waliosoma chuoni hili si geni: muraja'a wa kila siku ndio uliohifadhi kile walichonacho vifuani. Hata wanachuoni wa nahau walilijua, ndipo Ibn Malik akaitunga Alfiyya kwa beti zipatazo elfu moja, ili kanuni za sarufi zikae ulimini. Na watoto wetu walikuwa wakicheza kinyume na kutegana vitendawili kabla simu haijazuliwa. Mchezo wa lugha, basi, si mgeni kwetu.

Mtaji tulio nao tayari

Mafunzo mengi ya Kiarabu yaliyomo katika simu yametungwa kwa wasemao Kiingereza. Kwa hivyo hayajui kwamba Mswahili hupiga hodi katika lugha hii akiwa tayari ana kapu la maneno mkononi. Mwingereza huanza kuhesabu kwa Kiarabu kutoka patupu. Sisi tunazo sita, saba na tisa, na makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini, kisha mia na elfu. Tunazo kalamu, kitabu, karatasi, sabuni, samaki, bahari, wakati na dakika. Mtoto aambiwe hayo kabla hajaugusa mchezo, apate moyo.

Lakini mtaji huo una mitego yake. Neno "rahisi" kwetu ni jambo lisilo gumu, na pia ni kitu cha bei ya chini. Kwa Waarabu "rakhis" ni cha bei ya chini tu, na lisilo gumu ni "sahl". "Jirani" kwetu ni mtu mmoja. Kwao "jiran" ni wengi, na mmoja ni "jar". Mgeni wa Kiarabu akiambiwa "karibu" atasikia habari ya kitu kilicho karibu, wala hatafahamu kuwa amekaribishwa. Yeye hukaribishwa kwa "ahlan" au "marhaban". Na hilo "marhaban" ndilo sisi tuliloligeuza likawa "marahaba", jawabu la shikamoo. Mchezo uliotungwa kwa Mwingereza hautamwonya Mswahili juu ya haya. Atakayemwonya ni mama au mwalimu aliye karibu naye.

Sarufi: pale mchezo unaponyamaza

Katika maneno mchezo ni msaidizi mwema. Katika sarufi huonyesha, lakini aghalabu haufafanui. Chukueni mfano wa kitabu. Sisi tulilipokea neno hili tukaliona linaanza na "ki", tukalitia katika ngeli ya ki na vi, tukasema kitabu na vitabu. Waarabu husema "kitab" kwa kimoja, "kitaban" kwa viwili na "kutub" kwa vitatu na kuendelea. Neno huvunjwa ndani yake. Kisha "kitab" ni la kiume, nacho kitabu kikubwa ni "kitab kabir". Lakini vitabu vikubwa ni "kutub kabira", sifa ikaja kwa umbo la kike. Mchezaji atakosea mara mbili, mara ya tatu atapatia kwa kukisia, na alama atapewa. Ukimuuliza sababu, hana.

Sababu yenyewe ni nyepesi: wingi wa vitu visivyo na akili, katika Kiarabu, huchukuliwa kama mwanamke mmoja. Mwalimu wa chuo huieleza kwa pumzi moja. Na Mswahili hana haja ya kuishangaa, kwani yeye mwenyewe husema kitabu kikubwa, mti mkubwa na jiwe kubwa, akabadilisha sifa kwa kila ngeli bila ya kufikiri. Sifa kufuata jina tumezaliwa nako; kilichobaki ni kujifunza nini hufuata nini.

Tukumbuke pia kwamba penye majibu manne, anayebahatisha hupata moja katika kila manne bila ya kujua lolote. Kwa hivyo alama za simu zisiwe ndiyo cheti. Kipimo cha kweli ni kuizima simu na kumwambia mtoto: haya, niambie.

Sauti nayo ni mlango mwingine. Simu humsikilizisha mtoto neno, lakini michezo mingi haiusikilizi ulimi wake kama asikilizavyo mwalimu. "Qalbi" kwa qaf ni moyo wangu; "kalbi" kwa kaf ni mbwa wangu. Mtoto aweza kuchagua neno lililo sawa kwa kidole siku zote, na ulimi wake ukabaki kwa mbwa. Makharij hurithiwa kwa sikio la mwalimu na mdomo wake, na hapo hakuna simu iliyokishika kiti cha chuo.

Kwa anayejitayarisha na safari

Hapa twataka kusema na mabinti na kina mama wanaosubiri safari, pamoja na wazazi wao. Kutoijua lugha katika nyumba ya watu, mbali na jamaa, ni udhaifu mkubwa. Asiyeweza kusema kuwa anaumwa hutazamwa kuwa mvivu, na asiyelijua neno la mshahara hawezi kuudai. Katika hali hii mchezo wa dakika kumi waweza kuwa kinga.

Yapo maneno yanayotangulia mengine yote. "Ana taabana" ni kauli ya mwanamke aliyechoka au anayejisikia vibaya, nayo ni ndugu ya "taabani" yetu. "Tabib" ni daktari. "Ratib" ni mshahara, na "shahr" ni mwezi. "Aqd" ni mkataba, na sote twalijua kutoka katika akdi ya ndoa. "Jawaz" ni pasipoti. Michezo mingi humfundisha mwanafunzi tufaha na paka kabla ya haya. Basi msafiri ajiandikie orodha yake mwenyewe.

Ajue pia kwamba mafunzo mengi hufuata Kiarabu fasaha, ilhali nyumbani kwa watu wa Ghuba husemwa lahaja. Kwa fasaha "nataka" ni "uridu". Huko atasikia "abgha" au "abi". "Sasa" ni "al-ana", atasikia "al-hin". "Wapi" ni "aina", atasikia "wen". Fasaha haipotei bure, kwa kuwa ndiyo lugha ya maandishi, na mkataba huandikwa kwa hiyo. Lakini kwa lahaja na akae na mama au dada aliyewahi kuishi huko, wazungumze jioni mbili tatu kwa wiki. Nusu saa ya mazungumzo hayo itampa kile ambacho simu haina.

Tukumbuke habari ya Zaid bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asimamie barua zao, na imepokewa kwamba haikupita ila nusu ya mwezi akawa ameyamudu. Alikuwa na akili pevu, naam, na pia alikuwa na haja ya kweli iliyokuwa mbele yake. Mwenye haja huutumia mchezo kama ngazi. Asiye na haja huufanya kitanda.

Utaratibu wa nyumbani

Twapendekeza yafuatayo. Kwanza, dakika kumi kwa siku, kwa wakati maalumu, na mchezo usiivuke adhana. Amali ndogo idumuyo ndiyo yenye baraka. Pili, maneno matano mapya kwa siku, siku sita kwa wiki. Hayo ni maneno 30, na kwa wiki 40 ni maneno 1,200. Tatu, mtoto asichezee peke yake chumbani. Acheze ukumbini, mama au dada akisikia, na kila neno alitamke kwa sauti. Nne, mzazi aufungue mchezo mwenyewe kwanza, atazame matangazo yake, na kama una mazungumzo na watu wasiojulikana ayafunge au auache. Tano, atazame kama mtoto anarudia somo jepesi ili tu asikatize hesabu ya siku zake. Huyo anafuga alama, hasomi.

Na nyumba isiyokuwa na bando isijione imeachwa nyuma. Sebastian Leitner, katika miaka ya 1970, alieneza njia ya vijikaratasi na visanduku, ambayo programu nyingi za leo zimeifuata. Chukueni maboksi matatu ya viatu. Andikeni neno la Kiarabu upande mmoja wa kijikaratasi na maana yake upande wa pili. Boksi la kwanza husomwa kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu kila Ijumaa. Neno lililojulikana husogezwa boksi la mbele. Lililosahauliwa hurudishwa la kwanza. Ndugu wawili washindane, na nyanya awe hakimu. Gharama yake ni karatasi na kalamu.

Twawaomba wazazi waanze na yale makumi tuliyo nayo, kuanzia ishirini hadi tisini, usiku huu huu. Mtoto atakapoona kwamba maneno manane ya mwanzo alikuwa nayo tangu zamani, ataliomba la tisa mwenyewe. Wabillahi tawfiq.