Kemia ya Mbegu za Viungo (2): Harufu ni Moja, Ukali ni Mwingine

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mmea unavyounganisha vipande vya kaboni tano tano kuunda terpini, kemikali zinazobeba harufu. Leo tuingie ndani ya mbegu yenyewe, tukianzia misitu ya Walikale.

Chini ya miti mirefu ya huko huota mimea ya jenasi ya Aframomum, ndugu wa tangawizi na iliki. Wasemaji wa Kilingala huita matunda yake matondolo. Ni matunda mekundu yanayochomoza karibu na ardhi. Watu huyala, na gorila nao huyapenda. Ndani mna mbegu ndogo ngumu. Ukiziponda, harufu hupanda mara moja. Kwa baadhi ya spishi, moto nao hufuata ulimini. Wengi hudhani harufu na moto huo ni kitu kimoja. Sivyo.

Harufu hutokana na molekuli nyepesi zinazogeuka mvuke upesi. Ukali hutokana na molekuli nzito zaidi, ambazo haziruki hewani. Katika Aframomum melegueta ya Afrika Magharibi, ukali ni kazi ya paradoli, jinjeroli na shogaoli. Hizo mbili za mwisho zimo pia katika tangawizi. Pilipili manga nayo ina piperini, iliyotenganishwa mwaka 1819 na mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted.

Ndiyo maana mbegu zilizopondwa na kuachwa wazi kwa miezi mingi huweza kuchoma ulimi bado, ilhali harufu imekwisha. Na ndiyo maana anayenereka mbegu kwa mvuke hupata mafuta ya harufu, huku ukali ukibaki kwenye machicha.

Kunereka kwenyewe kuna jambo la kushangaza. Linalooli, kiini cha harufu ya mbegu za giligilani, huchemka kwa takriban nyuzijoto 198. Lakini ikichanganyika na maji, kanieneo ya mvuke wa vitu hivyo viwili hujumlika, vikapanda pamoja kabla maji hayajafikia kiwango chake cha kuchemka. Kwenye vilima vya Masisi vyenye kimo cha mita 2,000, maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na mafuta hutoka kwa joto la chini kidogo ya hapo.

Kwa giligilani, linalooli mara nyingi ni zaidi ya nusu ya mafuta yote, nayo hukaa katika vijifereji ndani ya ganda. Punje mbichi hutawaliwa na aldehidi zinazonuka kama kunguni; kadiri inavyokomaa, hizo hupungua na linalooli huongezeka. Anayevuna mapema, basi, huvuna harufu mbaya. Iliki hutegemea sineoli na terpinili asetati, zilizohifadhiwa ndani ya mbegu, na ganda la nje huzilinda zisipotee.

Kwa hiyo, mkulima na mama wa jikoni, subirini punje ikomae, ikausheni kivulini, itunzeni nzima katika chombo chenye kifuniko, na isageni siku ya kupika. Nawe mnunuzi sokoni, usiipime mbegu kwa ulimi peke yake: iponde moja, uinuse kwanza. Wiki ijayo tutazungumzia karvoni, molekuli yenye maumbo mawili na harufu mbili.