JE, WAJUA? Ukuta uliolowa hupoteza joto haraka zaidi

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa enzi za Malkia Victoria (1837–1901) zina kuta za matofali yaliyoshikana, zisizo na uwazi wa hewa katikati. Mara nyingi unene wake ni kama sentimita 22 tu.

• Tofali limejaa vitundu vidogo mno. Likiwa kavu, vitundu hivyo hushika hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Mvua ikipenya, maji huchukua nafasi ya hewa, nayo hupitisha joto takribani mara 24 zaidi. Ndiyo maana ukuta uliolowa humpotezea mwenye nyumba joto alilolilipia.

• Kukauka nako kuna gharama yake. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hunyonya karibu kilowati-saa 0.7 za nishati, na sehemu yake hutoka kwenye ukuta wenyewe.

• Mafundi wa zamani walijenga kwa chokaa, ambayo hunywa unyevu na kuuachia ukauke. Viungo vikizibwa kwa saruji ngumu, njia hiyo hufungwa na maji hubaki ndani ya tofali.

• Kwa hiyo, kabla ya kugharimia matabaka ya kuhifadhi joto, mwenye jengo la kale huanza kwa kuziba gata zinazovuja, kujaza upya kwa chokaa viungo vilivyomomonyoka, na kuondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta.