Kumuuliza mtoto kuhusu dawa za kulevya

Dalili za kijana kuanza kutumia dawa za kulevya ni rahisi kuzisoma vibaya. Macho mekundu, kusinzia mchana, hela ya nauli kuisha katikati ya wiki, kukwepa kula na wenzake: hayo yaweza kuwa ni bangi, lakini yaweza pia kuwa msiba, mapenzi, malaria au shule iliyomshinda. Kwa hiyo mzazi huanza kwa kuuliza. Akipekua begi kimyakimya kisha akambwagia msokoto mezani mbele ya wadogo zake, mtoto atajitetea, na anayejitetea haelezi kitu.

Wakati wa kuzungumza ni mtoto anapokuwa timamu, wakiwa wawili tu, labda wakichambua mchele au wakiosha pikipiki. Swali lianzie kwenye kilichoonekana: “Mwanangu, zile raba zako sizioni, na usiku hulali. Kuna nini?” Akijibu, “Hamna kitu, mama,” asibanwe, aambiwe tu kwamba ataulizwa tena. Katika familia nyingi shangazi au mjomba huambiwa mapema kuliko mzazi, na si aibu kumtuma.

Akikiri, aulizwe anatumia nini, tangu lini na kwa njia gani. Hapo ndipo penye uzito. Kijana wa kijiweni aweza kuamini anavuta bangi tu, kumbe ni kokteli, bangi iliyochanganywa na heroini. Miayo isiyokoma, kamasi, machozi na maumivu ya viungo kila anapoikosa ni arosto: mwili umeshaizoea heroini. Wapo wazazi wanaomfungia mtoto chumbani mpaka arosto ipite. Ni kosa kubwa hata likifanywa kwa mapenzi, kwani baada ya siku chache mwili hupoteza ule uzoefu, na akitoka akarudia kiasi kilekile, pumzi yaweza kukatika akafa.

Tiba iliyothibitika kwa waraibu wa heroini ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, na hutolewa bure. Bangi haina dawa ya namna hiyo; kwake ni ushauri nasaha, nao huchukua muda. Vyovyote iwavyo, mzazi asimtume mtoto kliniki peke yake. Amsindikize, akae naye kwenye foleni mpaka aitwe.